Kumuuliza mtu kuhusu dawa za kulevya: mwongozo wa uchunguzi wa awali

Mwongozo huu ni wa muuguzi, tabibu, mshauri nasaha na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepata dakika kumi na mtu mmoja na anataka kujua kama dawa za kulevya zimeanza kumdhuru. Kazi hii haihitaji mtaalamu wa afya ya akili. Inahitaji chumba chenye mlango unaofungwa, dodoso, kalamu, na mtu anayejua la kufanya baada ya kupata majibu.

Nilianza kazi hii vibaya, na ninalisema ili usipite nilikopita. Kwa muda mrefu niliwauliza wale tu niliodhani "wanafanania": kijana aliyekonda, midomo imekauka, macho yanasinzia. Siku moja nikamhudumia mama wa makamo, nadhifu, mwenye duka lake la vitenge. Alilalamika kuwa hapati usingizi. Nikamsikiliza, nikamwandikia, akaenda. Miezi ilipita kabla sijajua kwamba kwa miaka mingi alikuwa akimeza diazepamu kila usiku, akivinunua vidonge dukani bila cheti, na kila akijaribu kuacha mwili mzima unatetemeka. Hakunificha. Mimi ndiye sikumuuliza.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: uliza kila mtu anayepita kwenye huduma yako, kwa maneno yaleyale. Ukichagua kwa sura utawakosa wengi, na wale uliowachagua watajua kwa nini umewachagua.

Uchunguzi wa awali hautangazi kwamba mtu ana uraibu. Unawagawa watu mafungu matatu: wasio na haja ya kusumbuliwa zaidi, wanaohitaji mazungumzo mafupi, na wanaohitaji kufika kwa mtaalamu. Kutaja ugonjwa ni kazi ya hatua nyingine, mikononi mwa mtu mwingine.

Hatua ya 1: Jua utampeleka wapi kabla hujamuuliza

Mtu akikufungulia siri yake ya miaka kumi halafu ukakosa la kumpa, atafunga mdomo, na huenda asimwambie mhudumu mwingine tena. Mwaka 2020 jopo la USPSTF, linalotoa mapendekezo ya huduma za kinga nchini Marekani, lilipendekeza watu wazima waulizwe kuhusu matumizi ya dawa, lakini likaweka sharti: ziwepo huduma za kuthibitisha tatizo na kulitibu, au njia ya kumfikisha mtu kwenye huduma hizo. Sharti hilo lina maana zaidi kwetu, ambako huduma ziko mbalimbali.

Chukua karatasi, andika orodha ya eneo lako. Kwa Dar es Salaam, kliniki za methadoni zipo Muhimbili, iliyoanza mwaka 2011, kisha Mwananyamala na Temeke. Zanzibar kuna Kidongo Chekundu. Kenya zipo Mathari kule Nairobi na Malindi pwani, na NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ina simu ya msaada, 1192. Ongeza nyumba za upataji nafuu unazozifahamu, lakini nenda ukazione kwanza kwa macho yako. Zipo zinazolea watu vizuri na zipo zinazofunga watu kwa minyororo. Usimpeleke mtu mahali usipopajua. Andika pia kliniki ya VVU, ya kifua kikuu, ya homa ya ini, ya afya ya akili, na jina la mtu mmoja katika kila moja anayepokea simu.

Kumbuka methadoni ni tiba ya uraibu wa heroini na dawa za jamii ya afyuni. Anayetumia bangi, mirungi au vidonge vya usingizi haendi huko.

Hatua ya 2: Faragha, na maneno ya kufungulia

Hatua hii ndiyo inayoamua kama majibu yatakuwa ya kweli. Ndugu aliyemsindikiza akae nje, hata kama ni mama yake mzazi, hata kama ni mume. Mume hasa. Mwambie kwa heshima: "Baba, tunaomba utusubiri hapo kwenye benchi, kila mgonjwa tunazungumza naye peke yake kidogo."

Kama mtu amelewa, anasinzia au ameshikwa na arosto, yaani mateso ya mwili kwa kukosa dawa aliyoizoea, usimuulize sasa. Mtibu kwanza, panga siku nyingine. Na kama kuna askari amemleta, dodoso lisubiri mpaka askari atoke.

Ninavyoanza mimi ni hivi: "Mama, hapa kwetu kila anayekuja tunamuuliza kuhusu sigara, pombe na vilevi vingine, kwa sababu vinaingiliana na dawa tunazotoa. Utakayonieleza yanabaki kwangu na kwa wanaokutibu. Hayaendi polisi, hayaendi nyumbani. Ila nikiona maisha yako au ya mtoto yako hatarini, nitakwambia kwanza halafu tutafute msaada pamoja. Swali usilotaka kulijibu, niambie turuke. Niendelee?"

Usifupishe hiyo sehemu ya polisi. Tanzania, kutumia dawa za kulevya ni kosa chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na aliyekaa mbele yako analijua hilo vizuri kuliko wewe. Na usiahidi usichoweza kutimiza: kama daftari lenu linasomwa na watu kumi, rekebisha daftari kwanza.

Neno "teja" lisitoke mdomoni mwako, wala lisiandikwe kwenye faili. Sema "mtu anayetumia dawa". Yeye akijiita teja, hiyo ni haki yake, wewe usimfuate.

Hatua ya 3: Uliza kwa maneno anayoyatumia

Ukimuuliza mtu kama ametumia "kanabisi" au "opioidi" atakujibu hapana kwa moyo mweupe. Heroini ni unga. Kipimo chake ni kete. Wapo wanaoivuta, wapo wanaoichanganya na bangi au tumbaku kwenye sigara moja na kuiita kokteli, na wapo wanaojidunga. Hili la kokteli ulitaje kwa jina, maana wengi hawaihesabu kama kutumia unga. Wao wanaona wamevuta bangi tu. Bangi yenyewe ina majina: ndumu, msuba, cha Arusha, na ile kali inayoitwa skanka. Mirungi ni gomba kwa wengine, na Kenya utasikia miraa, veve na muguka. Huko Kenya kutafuna miraa ni halali, Tanzania imepigwa marufuku, kwa hiyo mtu wa Mombasa atakutajia wazi na wa Tanga atakuangalia kwanza usoni.

Usisahau vya dukani: diazepamu, tramado, dawa za kikohozi zenye kodeini. Uliza pia gundi na petroli, hasa kwa waliolelewa mtaani. Na pombe iwe pamoja na gongo, chang'aa na mnazi. Wapo wanaoamini pombe ni ile ya chupa yenye nembo.

Majina hubadilika kila msimu. Muulize mwenyewe, "Ninyi mnaitaje?" Atakufundisha, na kwa kukufundisha atalegea.

Hatua ya 4: Maswali manane

Dodoso ninalolipendekeza ni ASSIST la Shirika la Afya Duniani. Kazi ya kulitengeneza ilianza mwaka 1997, na lilijaribiwa katika nchi kadhaa, Zimbabwe ikiwamo. Huchukua dakika tano hadi kumi na linagusa tumbaku, pombe na dawa zote kwa pamoja. Yapo mengine, kama DAST lililotungwa Kanada mwaka 1982, ambalo ni zuri kwa dawa lakini haligusi pombe wala sigara. Mimi nabaki na ASSIST, kwa sababu watu wetu hawatumii kitu kimoja, na kuanza na sigara hufanya mazungumzo yashuke polepole kwenye mazito.

La kwanza ni la maisha yote: "Tangu uzaliwe, umewahi kutumia kipi kati ya hivi, ukiacha ulivyoandikiwa na daktari?" Taja kimoja kimoja na usubiri jibu. Akikataa vyote, uliza kwa upole, "Hata ulipokuwa shule?" Akikataa tena, mshukuru, umemaliza naye.

Kwa kila alichokubali, endelea. Swali la 2: katika miezi mitatu iliyopita amekitumia mara ngapi. Hapa msaidie na kalenda yake, si yako. "Tangu Idi", "tangu shule zifunguliwe", "tangu mvua zianze" hueleweka kuliko "siku tisini". Swali la 3: mara ngapi ameshikwa na hamu kali ya kukitumia, ile isiyomwachia nafasi ya kufikiri jambo jingine. La 4: mara ngapi kimemletea matatizo ya afya, ya nyumbani, ya fedha au ya sheria. La 5: mara ngapi ameshindwa kufanya jambo ambalo watu wanamtegemea alifanye, kwa sababu ya kutumia, hili haliulizwi kwa tumbaku. Haya yote yanahusu miezi mitatu ileile.

Swali la 6 na la 7 yanarudi nyuma zaidi. "Kuna ndugu, rafiki au mtu yeyote amewahi kuonyesha wasiwasi kuhusu unavyotumia?" Na: "Umewahi kujaribu kupunguza au kuacha ukashindwa?" Akisema ndiyo, uliza kama ni ndani ya miezi mitatu au ni zamani. Kwenye swali la 7 nenda taratibu. Mara nyingi ndipo machozi yanapotoka, kwa sababu unamkumbusha mara zote alizojifungia ndani siku tatu, akatapika, akaumwa mifupa, halafu akarudi kijiweni. Mpe muda. Sogeza leso, usiseme kitu.

La 8: "Umewahi kujidunga dawa kwa sindano, si kwa matibabu?" Na kama ndiyo, lini mara ya mwisho.

Usijadili majibu katikati ya maswali. Usitikise kichwa, usigune. Kila kitu kina wakati wake.

Hatua ya 5: Kujumlisha alama

Kila kileo kina jumla yake. Usichanganye ya bangi na ya pombe.

Swali la 2: hata mara moja 0, mara moja au mbili 2, kila mwezi 3, kila wiki 4, kila siku au karibu kila siku 6.
Swali la 3, kwa mpangilio huohuo: 0, 3, 4, 5, 6.
Swali la 4: 0, 4, 5, 6, 7.
Swali la 5: 0, 5, 6, 7, 8.
Swali la 6 na la 7, kila moja: hapana 0, ndiyo, ndani ya miezi mitatu 6, ndiyo, lakini zamani 3.

Swali la 1 na la 8 hayaingii kwenye hesabu. Mirungi iandike chini ya "nyinginezo" na utaje jina lake.

Kwa pombe, 0 hadi 10 ni hatari ndogo, 11 hadi 26 hatari ya wastani, 27 na zaidi hatari kubwa. Kwa vingine vyote, 0 hadi 3 ni ndogo, 4 hadi 26 ya wastani, 27 na zaidi kubwa.

Chukua mfano wa kubuni: dereva wa bodaboda, miaka 26, amekuja na kikohozi. Bangi anavuta kila siku (6), hamu kali humshika kila wiki (5), imemletea matatizo mara moja (4), hajashindwa majukumu (0), mkewe amelalamika mwezi huu (6), hajawahi kujaribu kuacha (0). Jumla 21. Halafu anakutajia kwamba amevuta kokteli mara mbili (2) na mara moja alitamani tena (3). Heroini, jumla 5.

Anayesoma namba tu ataongea naye kuhusu bangi. Mimi ningeanza na ile 5. Zote mbili ziko kwenye fungu la wastani, lakini kokteli ni mlango ambao wengi wa waliopo kwenye foleni ya methadoni waliingilia, na kijana huyu bado amesimama kizingitini. Huyu ndiye mtu ambaye uchunguzi wa awali umetengenezwa kwa ajili yake. Aliyefika 37 mtaa mzima unamjua.

Kujidunga kunapandisha hatari bila kujali alama. Aliyejidunga ndani ya miezi mitatu apimwe VVU na homa ya ini B na C, na aelezwe kuhusu kutoshirikiana sindano, pamoja na pamba, maji na kifuniko cha kuchanganyia. Kama anajidunga zaidi ya mara moja kwa wiki, mpeleke kwa mtaalamu.

Hatua ya 6: Kumrudishia matokeo

Anza kwa ruhusa: "Ungependa kujua majibu yako yanaonyesha nini?" Ni nadra kukataliwa. Mwonyeshe namba, mweleze maana yake kwa ugonjwa uliomleta leo. Kwa dereva wetu ni kikohozi na mapafu, na pikipiki anayoendesha akiwa na abiria nyuma.

Kisha muulize, "Hili linakupa wasiwasi kiasi gani?" Uliza anachokipenda katika kuvuta, halafu asichokipenda. Wengi wetu tunaogopa swali la kwanza, tukidhani tunasifia. Mtu asipopewa nafasi ya kusema kwamba bangi inampa usingizi baada ya siku ya jua kali barabarani, hutajua kwamba tatizo la kulisaidia ni usingizi. Mwisho mwachie uamuzi: "Kupunguza au kuacha ni wewe utakayeamua. Mimi nipo kukusaidia ukitaka." Dakika tatu hadi kumi na tano zinatosha. Mahubiri yaache, ameshayasikia nyumbani, msikitini na kanisani.

Mwenye hatari kubwa asiondoke na karatasi mkononi tu. Piga simu kwenye kliniki ukiwa naye, mpe siku na jina la atakayempokea, na ikiwezekana amsindikize mhudumu wa jamii. Kama anatumia dawa za kifua kikuu, andika wazi kwenye rufaa: rifampisini hushusha nguvu ya methadoni mwilini, na kliniki inapaswa kujua kabla ya kupanga dozi.

Mambo ya hatari usiyoweza kuyaahirisha

Anayekunywa pombe nyingi kila siku, au anayemeza diazepamu kwa muda mrefu, usimwambie "acha leo". Kukatisha ghafla kunaweza kuleta degedege na hata kifo. Apunguze chini ya uangalizi wa daktari. Arosto ya unga inatesa sana, lakini kwa kawaida haiui mtu mzima aliye na afya. Kinachoua ni kurudi. Aliyekaa gerezani au kwenye nyumba ya upataji nafuu mwili umepoteza uzoefu, na kete yake ya zamani sasa ni nyingi mno kwake. Mwambie hivyo kwa maneno mepesi, na wenzake pia wajue dalili: hapumui vizuri, mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya pini, haamki ukimwita. Nalokisoni, dawa inayozima nguvu ya heroini, hurudisha pumzi kwa muda tu, kwa hiyo akimbizwe hospitali hata kama ameamka.

Mjamzito anayetumia unga asikatishwe ghafla, kwa sababu arosto inaweza kuhatarisha mimba. Apelekwe kwenye methadoni haraka, na kliniki ya wajawazito ijulishwe kwa ridhaa yake.

Kuhusu kipimo cha mkojo

Wazazi na waajiri hukiomba kila mara. Kipimo kinaonyesha kwamba kitu kimeingia mwilini siku za karibuni. Hakionyeshi kiasi, wala madhara, wala uraibu. Heroini hupotea kwenye mkojo ndani ya siku chache. Bangi kwa mvutaji wa kila siku inaweza kuonekana kwa wiki kadhaa baada ya kuacha. Tena baadhi ya vipimo vya haraka hudanganyika: rifampisini imewahi kuonekana kama afyuni, na efavirenzi, dawa ya VVU, kama bangi. Fikiria mgonjwa wa kifua kikuu anayefukuzwa kazi kwa sababu ya dawa aliyoandikiwa na hospitali. Usipime mkojo wa mtu kwa siri, na usikitumie kuwa badala ya mazungumzo.

Kwa vijana

ASSIST ni la watu wazima. Kwa walio kati ya miaka 12 na 21 lipo CRAFFT, lenye maswali sita ya kujibiwa ndiyo au hapana: umewahi kupanda gari (kwetu, bodaboda) na dereva aliyelewa, hata kama ni wewe, unatumia ili utulie au ukubalike, unatumia ukiwa peke yako, umewahi kusahau uliyofanya, ndugu au marafiki wamekwambia upunguze, umewahi kuingia matatizoni. Ndiyo mbili au zaidi zinataka uchunguzi wa kina. Zungumza na kijana kabla hujazungumza na mzazi, na mkubaliane mzazi ataambiwa nini.

Kuandika na kufuatilia

Andika alama na mpango, usiandike hukumu. "Heroini 5, bangi 21, mazungumzo mafupi, kurudi baada ya wiki nne" inatosha. Karatasi ya dodoso ikae kwenye kabati lenye kufuli, si kwenye meza ya mapokezi. Rudia dodoso zima baada ya miezi mitatu, kwa kuwa maswali yenyewe yanapima miezi mitatu. Siku moja kabla ya miadi mpigie kwa namba aliyokupa mwenyewe, na ujitambulishe kwa jina lako tu bila kutaja kliniki, maana simu inaweza kupokewa na mtu mwingine.